Msimu Komeo Alipoufukuza Mkia Wake

Machi 4

Nimeolewa. Nimeliandika neno hili peke yake kwanza, ili nilitazame vizuri.

Mume wangu ni fundi wa makochi. Mikono yake inanukia gundi na mbao mpya, na sidhani kama kuna manukato duniani yanayoshinda hayo. Karakana iko mbele, nyumba iko nyuma, na katikati kuna ua ambapo mama mkwe hushona foronya za mito ya makochi. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni kinyozi. Kibanda chake kimeegemea karakana kama mlevi aliyeegemea rafiki. Wote wanamwita Wembe.

Mama mkwe ananibeba kama yai. Nikiinuka kushika ndoo, ananiambia nikae, bado mimi ni mgeni. Nikikaa, ananiletea mto.

Kuna mbwa pia. Anaitwa Komeo, kwa kuwa, wanasema, alizoea kulala mlangoni akiuziba kwa mwili wake. Ana rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama, jingine limelala. Amefungwa mnyororo mfupi kwenye nguzo ya kibanda cha mbao. Nilitaka kuuliza kwa nini, nikaona haya. Bi harusi hafiki nyumba ya watu na kuanza kuwapangia vitu vyao.

Machi 7

Mvua ya kwanza. Mume wangu alileta viti viwili mlangoni tukaitazama kama watu walioalikwa. Nina raha mpaka naogopa kijicho.

Machi 12

Leo Komeo amenichekesha. Aligeuka akauona mkia wake kama aliyemwona mwizi, akaanza kuufukuza. Akazunguka mpaka mnyororo ukamalizikia kwenye nguzo, akasimama amebanwa, kisha akajizungusha kurudi. Wateja walishika mbavu. Mume wangu akapiga mluzi, naye Komeo akaongeza mwendo. Mume wangu akicheka, shavu lake la kushoto linabonyea. Nilicheka kwa ajili ya lile shavu.

Machi 13

Mvua. Komeo kazunguka.

Machi 14

Mvua. Komeo kazunguka. Mume wangu kanishonea mto kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki, kila kipande rangi yake. Nimeulalia mchana mzima bila usingizi.

Machi 19

Sicheki tena.

Dirisha la jikoni linatazama uani, kwa hiyo naona yale ambayo wateja hawakai kuyaona. Wao huona mchezo, hucheka, huenda zao. Mimi naona asubuhi, naona adhuhuri, naona bakuli la chakula limewekwa na Komeo hana habari nalo, anazunguka tu, macho yamemtoka, ulimi umening'inia upande mmoja. Mchezo gani usiomfurahisha anayeucheza?

Na kila mtu humu ndani ana dawa yake. Mume wangu anapiga mluzi, anasema ukimpa nafasi atachoka mwenyewe. Wembe anatoka na ufagio, anagonga bati na kumfokea. Mama mkwe anamtupia kipande cha mkate, kwa maelezo kwamba akila anaacha. Ni kweli anaacha. Anautafuna mkate, anamtazama mama, kisha anaanza upya ili apate mwingine. Na mimi? Mimi nakimbia, namkumbatia shingoni, namwambia pole baba, pole. Anatulia mikononi mwangu. Nikimwachia tu, huyo.

Watu wa mtaani sasa wanamwita Pia, kama ile pia ya watoto inayozungushwa kwa kamba. Leo amekuja mtu ambaye hakutaka kochi wala kunyolewa, alitaka kuonyeshwa mbwa. Na mume wangu, mume wangu huyu mpole, akamwonyesha.

Machi 25

Nilimkuta mume wangu akipima kitambaa, nikamwambia mbwa yule hazunguki kwa furaha. Akaniambia ni mchezo, na kwamba mbwa na mkia wake ni mambo yao ya ndani, sisi tusiyaingilie. Alivyolisema kwa utamu, nikacheka. Nikarudi jikoni nimekasirikia kicheko changu mwenyewe.

Nikarudi tena. Nikamwambia basi afungue mnyororo. Akasema geti la nyuma halifungi, atatoka barabarani agongwe. Nikasema basi geti litengenezwe. Fundi ni yeye, mbao ni zake, misumari ameibana midomoni sasa hivi. Akasema kesho.

Machi 28

Kesho.

Machi 30

Kesho. Nampenda mwanamume huyu kuliko macho yangu, lakini kesho yake haina asubuhi.

Aprili 5

Mvua haijakatika tangu juzi. Kibanda cha mbao kinavuja, Komeo anazunguka ndani ya tope lake mwenyewe. Nguzo imeliwa na mnyororo mpaka ina kiuno.

Ncha ya mkia imechubuka, ina damu. Nilipowaambia, Wembe alisema hata yeye akishindwa na mtu humng'ata. Walicheka wote. Mimi niliondoka mezani nikisema kichwa kinaniuma. Mama mkwe akaniletea chai na kuniuliza kama nina habari njema. Sina habari njema, mama. Nina hasira.

Aprili 9

Naandika mbio, na sijali kama maandishi yanasomeka.

Asubuhi nilikwenda sokoni. Niliporudi, watu walikuwa wamejaa uani, na watu hawajai mahali bure. Nikapenya. Komeo alikuwa amelazwa juu ya meza ya karakana, ile ambayo mume wangu hukatia vitambaa. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa utepe wa kushonea makochi. Jirani mmoja amemkalia miguu. Na Wembe, amevaa koti lake jeupe la kinyozi, ananyoa manyoya ya mkia, pembeni yake chupa ya dawa ya vidonda na wembe mpya bado umo kwenye karatasi.

Nilimuuliza anafanya nini. Akanijibu kwa heshima zote, kama ninayesubiri zamu yangu kwenye kiti:

"Tunaukata, shemeji. Hakuna mkia, hakuna kufukuza."

Nilikiweka kikapu chini na kupanda mezani. Sijui nilipandaje na gauni lile. Nilimlalia yule mbwa juu, mzima mzima, na damu yake ikaingia kwenye kitambaa ambacho mume wangu alininunulia. Nikamwambia Wembe akitaka kukata, aanze na mimi, mkia wangu ni nywele, anazijua. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Mume wangu alikuwa ameenda kupeleka kochi. Aliyekuwepo ni mama mkwe, amesimama mlangoni mikono kifuani. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza sikuinamisha macho. Kisha akawafukuza watu kama anavyofukuza kuku, akamwambia Wembe avue koti hilo, hana mteja hapa.

Tulipobaki sisi wawili alinieleza mambo yalivyo. Alisema hawezi tena kula chakula huku anatazama damu. Alisema mlinzi wa ghala la nafaka anamtaka Komeo, amfunge langoni, na kule hakuna bi harusi wa kuumia moyo. Nilimuuliza kule mnyororo utakuwa mrefu kuliko huu? Nikapiga magoti, nikamwomba muda.

"Mpaka mvua ziishe," akasema. "Siku ya kwanza ikikauka, nitaweka kiti changu hapa uani nimtazame kutwa nzima. Akizunguka, anaenda kwa mlinzi. Na usilie, maana ukilia nitakubali na sitaki."

Jioni mume wangu aliporudi na kusikia, alikasirika, lakini alimkasirikia Wembe kwa sababu ya meza. Meza ya vitambaa! Sijawahi kumnyima mtu sahani ya chakula. Leo nimemnyima mume wangu tabasamu, na nimeona amelikosa.

Aprili 10

Daktari wa mifugo amekuja. Ni mama mwenye sauti ya chini na buti kubwa. Mume wangu ndiye aliyekwenda kumleta mvuani, bila kutumwa, naandika ili haki itendeke.

Hakucheka, hakusema maskini. Alimpapasa Komeo toka pua, akachambua manyoya akitafuta viroboto, akawapata, akawapa dawa yao. Akauinua mkia, akabonyeza tezi zilizo pembeni mwa njia ya haja, zikatoa uchafu wenye harufu iliyomfanya hata Wembe aende nje kupumua. Alisema tezi zikijaa humwasha mbwa, na mbwa hana kidole cha kujikuna. Akasafisha jeraha, akalifunga, akamvika shingoni plastiki pana kama faneli ili asilifikie.

Mama mkwe akauliza kama kuukata kusingekuwa njia ya mkato.

"Ukiukata atafukuza kigutu," akasema daktari. "Kikikosekana kigutu, atakula mguu wake. Anayeumwa si mkia."

Kisha akatuuliza mmoja mmoja, akituzungukia kama hakimu. Anapozunguka, wewe unafanya nini? Mume wangu: mluzi. Wembe: kelele. Mama: mkate. Mimi: kumbatio. Akatwambia tumemwajiri kazi ya kuzunguka na sote tunamlipa. Hata ufagio wa Wembe ni malipo, maana mbwa aliyefungwa kutwa bila mtu wa kumtazama hupokea hata matusi kama salamu. Akaagiza: akianza, hakuna kumtazama, hakuna kumsemesha, geukeni pembeni. Akitulia, hapo ndipo aitwe, apapaswe, apewe kitu. Ukiona anataka kuanza, umpe kazi nyingine kabla hajaanza. Atembezwe asubuhi na jioni, mvua isiwe sababu. Chakula chake kifichwe akitafute kwa pua. Na baada ya majuma kadhaa kama hali ni ileile tumwite, kuna dawa za kumtuliza, lakini dawa haitafungua mnyororo.

Hapo akauliza amefungwa tangu lini.

Mama mkwe akasema tangu wiki ya harusi. Daktari akauliza kabla ya hapo? Kabla ya hapo alikuwa huru, akitembea humu, akilala mlangoni. Alizunguka? Hapana, kamwe.

"Sasa mlimfungia nini?"

Mama mkwe alizitazama kucha zake.

"Kwa heshima ya bi harusi," akasema. "Siku alipoletwa kutuona, Komeo alimsogelea, naye akapandisha gauni na kurudi nyuma. Tukajua anaogopa mbwa. Tukasema asije akaogopa nyumba yake."

Aprili 11

Sikulala kwa hasira, lakini asubuhi ndiyo naandika.

Nilipandisha gauni kwa sababu ya tope! Kulikuwa na tope la maji ya kufulia pale getini, na gauni nilikuwa nimeliazima. Nilirudi nyuma ili nisilichafue. Mbwa sikumwogopa hata kidogo. Nilitaka kumshika, nikaogopa wakwe wasinione mtoto.

Basi wao wakamfunga kwa ajili yangu, wakanyamaza kwa adabu. Mimi nikamwona amefungwa, nikadhani ndiyo desturi ya nyumba na siku ile ya kwanza alifunguliwa kidogo tu, nikanyamaza kwa adabu. Mume wangu akanisikia nikiomba afunguliwe, akadhani namfanyia ujasiri ili nimfurahishe yeye, ndiyo maana kesho zake hazikuisha. Hayo kayasema mwenyewe leo, mbele ya chai, kana kwamba ni jambo la kupendeza. Heshima gani hii ambayo mwenye kuheshimiwa haulizwi, na anayelipa ni mbwa?

Nilimwambia hivyohivyo. Ni ugomvi wetu wa kwanza. Nilikuwa nimewazia kwamba ugomvi wetu wa kwanza ungekuwa mtamu, wa kununiana mpaka tucheke. Haukuwa mtamu. Nilimwambia sitaki kubebwa kama yai, yai hufa likiwa limebebwa. Nilimwambia akitaka kujua naogopa nini, ana mdomo na mimi nina masikio. Alitaka kusema mzaha, nikaona shavu linaanza kubonyea, nikamwambia leo hapana. Likarudi.

Akatoka. Nilidhani amekwenda kununa. Baadaye nikasikia msumeno upande wa nyuma, kwenye mvua. Ameanza geti. Alikuwa analigongelea misumari kama mtu mwenye deni nayo.

Aprili 12

Geti sasa linafunga. Mnyororo nimeufungua mimi kwa mikono yangu. Komeo alisimama palepale, kwenye duara aliyoichimba, na hakujua aende wapi.

Aprili 15

Mvua kubwa. Tulimtembeza tukiwa na turubai kichwani, mimi na mume wangu, kila mmoja ameshika pembe zake, mbwa katikati na faneli yake inakinga maji. Watu walitucheka mtaa mzima. Nilikuwa na furaha isiyo na adabu.

Bado nimemkasirikia kidogo. Naweza kufanya yote mawili.

Aprili 17

Komeo kazunguka baada ya chakula. Nikageuka ukutani, nikakaza ngumi. Hakuna kitu kigumu kama kutomkumbatia anayeumia.

Aprili 20

Mume wangu amemtengenezea kitu. Kipande cha turubai nene, amekishonea mifuko mifuko ndani kwa uzi wa makochi, kisha amekikunja kama mkeka. Unaficha vipande vya chakula kwenye mifuko, Komeo anakikunjua kwa pua na kucha mpaka amalize. Daktari alikuwa ameonya asipewe kitu chenye sponji, atameza. Basi hakuna sponji, na amevuta kila mshono kwa meno kuona kama utaachia. Nilimwona anavuta mishono kwa meno yake, nikaenda chumbani nikalia, nikarudi.

Aprili 22

Wembe kapiga bati kwa ufagio. Nimeuchukua ufagio. Kaniomba radhi, kasema mkono umezoea. Nikamwambia mkono uzoee mfukoni.

Aprili 24

Mvua. Hakuzunguka asubuhi. Kazunguka jioni, kidogo.

Aprili 27

Leo amekuja mwenye nyumba ya wageni kuagiza makochi ya vyumba vyake vyote. Tangu nije hapa sijaona oda kama hiyo. Mama mkwe alishaanza kukata foronya tangu jana kwa maneno ya simu tu. Yule bwana akakaa, akasifu kazi, akaomba kitambaa cha zambarau. Kisha akamwona Komeo anapita uani, plastiki imeshatolewa, mkia una manyoya mapya, anashughulika na mkeka wake. Akauliza kama huyo ndiye Pia. Akapiga mluzi.

Komeo aliinua kichwa. Niliona shingo yake inageuka kuelekea mkia. Nilikuwa na sinia mkononi, nikashindwa hata kuiweka.

Mume wangu aliweka nyundo chini. Akasema polepole, "Mzee, hapa mluzi haupigwi."

Yule bwana akacheka, akapiga wa pili. Mume wangu akaenda akasimama kati yake na uani, mgongo kwa mbwa.

"Nimekuja kununua makochi," yule bwana akasema, "au nimekuja kufundishwa adabu na mbwa?"

"Makochi yapo. Mluzi ndio haupo."

Alisimama, akajifuta suruali ambayo haikuwa na kitu, akaondoka na oda yake. Mimi nilimtazama mama mkwe, maana kazi ya siku nzima ilikuwa mapajani mwake. Alizikunja zile foronya moja baada ya nyingine.

"Na akakae sakafuni," akasema.

Mume wangu alirudi kwenye nyundo. Nilitaka kumwandikia hapa maneno yote mazuri ninayoyajua. Nimegundua yote niliyamaliza mwezi wa Machi, kwa kubonyea kwa shavu.

Mei 3

Mvua zimepungua. Mlinzi wa ghala kapita, kauliza. Wembe kamwambia asubiri. Nani amemwajiri Wembe kuwa karani wa mbwa wetu?

Mei 9

Kumekauka.

Mama mkwe ameweka kiti chake uani asubuhi, kama alivyoahidi, na kikapu cha kushona miguuni. Hakunisemesha zaidi ya salamu. Wembe kaacha mteja na povu shavuni, kaja kusimama mlangoni kushuhudia. Mume wangu kaacha lango la karakana wazi, anapiga msumari mmoja, anatazama, anapiga mwingine.

Komeo hakujua kama yuko mahakamani. Alilala juani, akahama na jua. Alikwenda getini, akarudi. Adhuhuri ikapita, nikaanza kuvuta pumzi kwa ukamilifu.

Alasiri lori likaleta mbao. Wapakuzi wakaziachia zote kwa mkupuo, zikaanguka kwa kishindo ambacho kilinirusha hata mimi. Komeo aliruka, akageuka, akauona mkia wake. Akaanza.

Nilikuwa kwenye pipa la maji. Mwili wangu wote ulitaka kukimbia kumshika. Nikaiacha mikono ndani ya maji, nikaangalia chini. Nyundo ikanyamaza. Nikamsikia Wembe anaita, "Mama, ona."

Nikageuza jicho, nisamehewe. Mama mkwe alikuwa ameinuka. Alikichukua kiti chake, akakigeuza kikatazama ukuta, akakaa, akainua sindano kwenye mwanga kama anayetia uzi.

Komeo alizunguka, akazunguka, akapunguza, akasimama. Alitutafuta mmoja mmoja, akakuta migongo tu. Akasimama anahema. Kisha akaenda kwenye mkeka wake wa turubai, akatia pua, akaanza kukunjua. Mume wangu akaja hapo, akachuchumaa, akamwita jina lake, akampapasa kifua.

"Mama, amezunguka," Wembe akasema.

"Nani?"

"Komeo. Hapo hapo, mbele yako."

"Mbele yangu mimi kuna ukuta. Daktari amekataza kumtazama. Ningeona nini?"

Wembe akafungua mdomo. Mama akamwambia, bila kugeuka, kwamba mteja wake anakaukiwa na povu, na akimaliza huko apite ghalani amwambie yule mlinzi atafute mbwa mwingine, na asimfunge.

Nilitoa mikono kwenye maji, nikaenda kumshukuru. Nilipomfikia, nikaona sindano aliyoishika haikuwa na uzi.